Chai ya Angani Haina Kosa la Mhudumu



Hapa Kinanira mwenzetu dereva ametusimulia jinsi tajiri wake alivyorudi kutoka Ulaya akinung'unika. Alikaa daraja la biashara, kiti kinacholazwa kama kitanda, akaletewa chai, akamkemea mhudumu kwamba ni maji matupu. Akaapa kumshtaki kwa barua.

Tumeona tulieleze jambo hili, maana lawama za namna hiyo humwangukia mfanyakazi.

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hushindiliwa kwa mitambo, lakini hufikia tu hali ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hewa nyepesi hivyo maji huchemka kwenye digrii 92 au 94, si 100. Ongeza moto upendavyo, hayapandi. Wachumaji wa chai wa Teza, walioko milimani, wanalijua: maharage yao huchelewa kuiva. Tena hewa ya ndege ni kavu, pua hukauka, na mngurumo wa injini hupunguza ladha ya sukari ulimini. Ndiyo maana wengi huagiza juisi ya nyanya ambayo nyumbani hawaigusi!

Mhudumu afanye nini? Ataacha majani yakae zaidi majini, basi. Ndege ikitikisika hukatazwa kumimina cha moto, na huku kengele zinalia. Aliyelipa nauli kubwa hudhani amenunua na mtu. Usiku mzima kutoka Addis Ababa hadi Ulaya wao wamelala, yeye yuko kwa miguu.

Dereva wetu aliyaeleza haya njiani. Hatujasikia kama barua iliandikwa.