Kigezo cha Goti: Usahihi Unaishia Wapi?

Katika upasuaji wa kuweka goti bandia, kila kitu kinategemea mikato. Daktari hukata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, akazivika chuma na kuweka plastiki ngumu katikati. Kwa miaka mingi lengo limekuwa mstari ulionyooka kutoka nyonga, kupitia katikati ya goti, hadi kifundo cha mguu; kupotoka kusikozidi nyuzi 3 huvumiliwa. Kwa kawaida mwelekeo wa paja hupatikana kwa fimbo inayopitishwa ndani ya mfupa, na wa muundi mara nyingi kwa fimbo inayolazwa nje ya mguu. Vigezo maalumu vilikuja kuondoa ukisiaji wa fimbo hizo. Goti hupigwa picha za MRI au CT, kompyuta huunda umbo la mifupa, mhandisi hupanga mikato, daktari huidhinisha, kisha huchapishwa kigezo cha plastiki kinachokaa juu ya mifupa ya mgonjwa huyo mmoja tu.

Kigezo kinaweza kuwa sahihi kabisa kiwandani na bado kikapotosha mkato. Mwaka 2017 Emmanuel Thienpont wa Ubelgiji na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti 44 za vigezo hivi. Mnyooko wa mguu mzima na mkao wa kipande cha paja uliboreka kidogo, lakini kipande cha muundi kilitoka nje ya mipaka mara nyingi zaidi kuliko kwa vifaa vya kawaida. Muda wa upasuaji ulipungua kwa dakika 4 hivi. Sababu ya tofauti kati ya paja na muundi, kwa maoni yangu, iko kwenye mfupa wenyewe. Ncha ya paja ina mabonde na matuta ya kukishika kigezo, ila uso wa muundi ni bapa, tena umezungukwa na nyama na kano. Picha ya CT haionyeshi gegedu vizuri, kwa hiyo kigezo chake sharti kikae juu ya mfupa mtupu. Gegedu kidogo likisalia, kinainama. Tupige hesabu: kigezo kinachoegemea upana wa milimita 40 kikiinuka upande mmoja kwa milimita 2, mkato unapinda karibu nyuzi 3. Uvumilivu wote umekwisha kabla msumeno haujawashwa.

Watetezi wa vigezo watasema hilo ni kosa la mkono, si la kifaa. Sawa, lakini kifaa kiliuzwa kwa hoja kwamba kitapunguza kuutegemea mkono huo. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba hata nafuu ndogo ya mnyooko hurefusha uhai wa goti. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991, uliofuatilia magoti 115, uliwaunga mkono: kati ya yaliyokuwa ndani ya nyuzi 3 yalilegea asilimia 3, na kati ya yaliyotoka nje asilimia 24. Hata hivyo, mwaka 2010 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichunguza magoti 398 ya aina mpya zaidi na hawakuona kwamba yaliyonyooka yalidumu zaidi katika miaka 15. Miaka miwili baadaye, Johan Bellemans na wenzake walionyesha kwamba asilimia 32 ya wanaume na 17 ya wanawake waliopimwa wakiwa na magoti mazima walikuwa na matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Upotofu mkubwa unadhuru, sina shaka. Lakini kumwahidi mgonjwa maumivu machache kwa sababu ya nyuzi moja, ilhali wataalamu bado wanabishania lengo lenyewe, si haki.

Wako wanaovihitaji vigezo kwelikweli: mtu ambaye paja lake lilivunjika zamani likaunga kwa kupinda, au lina chuma kinachozuia fimbo kupita. Hao ningewatetea wapate kigezo bila kusita. Kwa wengine, gharama ya picha, ya kuchapisha na ya kusubiri majuma kadhaa huku goti likiuma haijathibitishwa kuwa inalipa. Mgonjwa wa Dar es Salaam au Nairobi anayeambiwa achangie fedha hizo ana haki ya kumuuliza daktari amekwisha kubadilisha magoti mangapi, na kama huhakiki mwelekeo wa kigezo kwa fimbo ya kawaida kabla ya kukata muundi.