Mkunga Mwenye Shahada: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Matokeo ya KCSE yakitoka, familia nyingi za Meru na Embu huketi kujadili kozi ya kusomea. Ukunga ni mojawapo ya kozi zinazotajwa. Kabla ya kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama, mzazi na mwanafunzi wanafaa kuelewa masomo haya yana nini, yanachukua muda gani, na cheti kipi ndicho kinachomruhusu mtu kumzalisha mama.

Kwa nini ujuzi zaidi unahitajika?

Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii, KDHS, wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa uzazi 62 kati ya kila 100 nchini ulisimamiwa na mhudumu mwenye mafunzo. Kufikia 2022 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 89. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini sensa ya 2019 ilikadiria kwamba akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Kwa maneno mengine, mama wengi sasa wanamfikia mhudumu. Kinachoamua uhai wao ni kile ambacho mhudumu huyo anajua, vifaa alivyo navyo na hatua anazochukua bila kuchelewa.

Chukua mfano wa kuvuja damu baada ya kujifungua, mojawapo ya sababu kuu za vifo hivi. Damu ikifika mililita 500, hiyo ni hatari. Kwa macho tu ni rahisi kukadiria chini, hasa shuka na nguo zikiwa zimeifyonza. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulipima damu kwa mfuko maalumu wenye alama, kisha mama akapewa matibabu yote kwa pamoja mara hatari ilipoonekana: kukandwa tumbo ili mji wa mimba ukaze, dawa, maji ya mishipani na uchunguzi wa chanzo. Visa vya kuvuja damu kwa wingi na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Kazi hiyo hufanywa zaidi na wakunga na wauguzi.

Njia ya chuo kikuu

Nchini Kenya, wengi huwa wakunga kupitia shahada ya uuguzi, ambayo huchukua miaka minne na ina ukunga ndani yake. Mhitimu hutoka akiwa muuguzi na mkunga. Vipo pia vyuo vikuu vichache vyenye shahada ya ukunga pekee.

Katika eneo letu, shahada ya uuguzi hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya (KeMU) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, vyote vikiwa Meru, Chuo Kikuu cha Embu, na Chuo Kikuu cha Chuka katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi.

Mwanafunzi anahitaji gredi ya wastani ya C+ katika KCSE. Anahitaji pia C+ katika Kiingereza au Kiswahili, katika Biolojia, katika Kemia, na katika Hisabati au Fizikia. Aliyepata wastani wa C+ lakini akaanguka Kemia hatimizi masharti haya, hata kama gredi ya jumla inapendeza.

Aliyepata alama za chini kidogo hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na stashahada katika mabewa ya KMTC ya Meru na Embu, au katika vyuo vya hospitali za misheni kama Chogoria, Nkubu na Maua. Baada ya kusajiliwa anaweza kujiunga na chuo kikuu kuendeleza masomo hadi shahada, kwa muda mfupi kuliko miaka minne.

Darasani na wodini

Mwanafunzi huanza na maumbile ya mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi, dawa na lishe. Kisha hupelekwa hospitalini. Hapo hujifunza kumpima mjamzito kliniki, kusikiliza mpigo wa moyo wa mtoto tumboni (kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika), kuandika maendeleo ya uchungu kwenye chati, kutambua dalili za kifafa cha mimba na kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Kazi zote hizo huandikwa katika kitabu maalumu na kutiwa sahihi na msimamizi.

Zamu za usiku ni sehemu ya masomo. Anayedhani ni kozi ya vitabu pekee atashangaa. Wanaume pia wanakaribishwa, na wapo wengi wanaofanya kazi hii vizuri.

Ujuzi huu unahitajika hasa mbali na mjini. Kwenye zahanati ya Igembe au Mbeere, huenda mkunga akawa peke yake usiku, na daktari yuko hospitali nyingine. Ni yeye atakayeamua kama mama ajifungulie hapo au apelekwe kwa ambulansi hadi hospitali ya rufaa ya Meru au Embu.

Joho halitoshi

Kuhitimu hakumruhusu mtu kufanya kazi. Chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, ni lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwanafunzi huorodheshwa na Baraza anapoanza masomo. Baadaye ni lazima apite mtihani wa Baraza na, kwa wenye shahada, amalize mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Leseni nayo huhitaji kuhuishwa mara kwa mara.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo:

1. Hakikisha chuo na kozi hiyo vimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Usitegemee bango la barabarani wala maneno ya wakala.
2. Uliza ni hospitali gani wanafunzi hufanyia mazoezi.
3. Uliza lini na vipi mwanafunzi ataorodheshwa na Baraza. Chuo kisichoweza kujibu swali hili, usikilipe hata shilingi.

Chuo kisipotambuliwa, miaka na pesa vyote hupotea, kwa sababu mhitimu hataruhusiwa kufanya mtihani.

Gharama na kazi

Wanaotaka vyuo vya umma hutuma maombi kupitia KUCCPS, na mikopo hupatikana HELB. Basari ya NG-CDF huombwa katika afisi ya eneo bunge. Tuma maombi mapema, ukiwa na nakala za kitambulisho na barua ya kujiunga na chuo.

Baada ya leseni, ajira si ya moja kwa moja. Tangu ugatuzi, wahudumu wa hospitali za kaunti huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nafasi zinapotangazwa. Wengine huajiriwa na hospitali za misheni, za kibinafsi au mashirika.

Mwenye swali kuhusu chuo chochote aulize Baraza la Wauguzi moja kwa moja, au afike katika afisi ya afya ya kaunti ndogo iliyo karibu naye, kabla ya kulipa chochote.