Kibali cha Kazi Hatari: Lugha na Uhai Kazini

Nchini Kenya, istilahi "kibali cha kazi" ina maana mbili. Ya kwanza ni hati ya uhamiaji apewayo mgeni ili aajiriwe. Ya pili, inayofafanuliwa hapa, ni idhini ya maandishi itolewayo kabla ya kazi yenye hatari. Kifungu cha 96 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aitoe, ikionyesha tahadhari zinazohitajika, katika kazi kama vile ukarabati wa boila na nyaya za umeme.

Kwa fundi apandaye nguzo ya umeme mjini Isiolo, kibali hutaja mahali, muda, swichi iliyozimwa na kutiwa kufuli, na aliyethibitisha. Umeme haupaswi kurudishwa kabla ya kibali kurejeshwa kikiwa na saini.

Hata hivyo, karatasi pekee haitoshi. Tarehe 6 Julai 1988, watu 167 waliangamia katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini. Pampu ilikuwa imeondolewa vali ya usalama. Habari hiyo haikuifikia zamu ya usiku, nayo ikaiwasha.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Isiolo hukutanisha Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na Kiswahili huwaunganisha. Lakini kauli "mtambo umefungwa" yaweza kumaanisha kwamba umesimikwa tayari kwa kazi, au umezuiwa usifanye kazi. Kibali kikiacha utata huo, saini ya fundi haimlindi. Usanifishaji wa istilahi, basi, ni suala la uhai.