Kurejesha na Kuopoa: Istilahi za Barua Pepe Iliyofutwa

Watumishi wa umma nchini huandikiana siku hizi kwa barua pepe za kiserikali, na matumizi hayo yana sheria yake, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Hata hivyo miongozo ya mafundi bado hufasiriwa kwa haraka, na sehemu iharibikayo zaidi ni ile ihusuyo barua iliyofutwa. Kila tendo la kuirudisha hupewa neno moja tu, “kurejesha”. Yafaa tueleze kwa nini jambo hili ni la hatari, wala si la ladha ya lugha tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu mkuu katika kata ya Susuni, wilayani Tarime, afutaye kwa bahati mbaya barua yenye orodha ya watahiniwa. Barua hiyo haijatoweka. Kwanza huingia katika pipa la taka, na humo mwenyewe aweza kuitoa. Akilimwaga pipa, bado seva, yaani kompyuta kuu itunzayo masanduku ya barua ya watumishi wote, huendelea kuishika kwa muda uliowekwa na msimamizi. Katika programu ya Microsoft Exchange muda huo, usipobadilishwa, ni siku 14, na sanduku zima lililofutwa hushikwa siku 30. Muda ukipita, barua husafishwa, na tegemeo linalobaki ni nakala rudufu ya seva, iwapo ilichukuliwa wakati barua imo.

Hapo ndipo neno linapotenda kazi. Fundi aliyepewa mwongozo usemao “rejesha kutoka katika nakala rudufu” aweza kuirudisha seva nzima katika hali iliyokuwa nayo usiku ule nakala ilipochukuliwa. Orodha itaonekana, lakini barua zote zilizoingia tangu usiku huo, za mwalimu na za wenzake wasio na habari, zitakuwa zimepotea. Njia ya salama ni nyingine. Nakala hufunguliwa pembeni, mbali na seva inayotumika, barua itakiwayo hutafutwa humo, kisha hiyo peke yake huhamishiwa katika sanduku la mwenyewe. Basi matendo ni mawili, na kila moja lastahili neno lake. Kwa la kwanza “kurejesha” latosha. Kwa la pili twapendekeza “kuopoa”, kama aopoavyo mtu ndoo iliyotumbukia kisimani: hayatoi maji yote, hutoa ndoo.

Kuhusu nakala yenyewe upo ubishi. Baadhi ya wafasiri wa programu hupenda “chelezo”, neno fupi na la baharini, kitu kieleacho. Hatuna ugomvi nalo, ila kwa msomaji wa bara halionyeshi lolote mpaka afafanuliwe. “Nakala rudufu” hujieleza, hasa kwa afisa aliyepata kuzungusha mkono wa mashine ya kurudufu. Kasoro yake ni kwamba mashine ile ilitoa nakala za kugawa, na hii ni nakala ya kuweka, tena ya kuweka mahali pengine.

Sharti hilo la mahali pengine lina ushahidi wake. Mwezi Februari 2011 hitilafu ya programu iliondoa barua katika masanduku ya kiasi cha asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Google walikuwa na nakala katika vituo vyao kadhaa, lakini kosa lilelile lilizifikia na hizo. Barua zilipatikana katika kanda za sumaku, zilizokuwa nje ya mtandao. Nakala za aina ile ya kwanza, zinazobadilika pamoja na asili yake, twapendekeza ziitwe “nakala pacha”, zisichanganywe na nakala rudufu.

Neno “hifadhi” tunaliombea mapumziko. Limekuwa likibebeshwa maana ya kuweka kazi katika kompyuta, ya mahali pa kuiweka, na ya nakala rudufu pia. Na mtu wa Mara alisikiapo hukumbuka kwanza Serengeti. Nakala rudufu hufutwa na kuandikwa upya kwa zamu. Barua ya kudumu ni suala la nyaraka, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 imekwisha kutupa msamiati wake. Afisa akiambiwa kuwa barua zake “zimehifadhiwa” ataamini kuwa zitakuwapo mwakani.

“Tarakilishi” na “kompyuta” hatuyagusi. Tarime yapakana na Kenya, na walimu wa huko wameyazoea yote mawili.

Kwa hiyo agizo lililo katika mfano wetu lingeandikwa hivi: “Fungua pembeni nakala rudufu ya Jumapili, opoa barua yenye orodha ya watahiniwa, usirejeshe seva.”