Unafunga seva ya kashe? Piga hesabu ya RAM kabla ya kununua diski

- Kila GB 1 ya kashe kwenye diski inakula takribani MB 14 za RAM.
- Diski kubwa kwenye mashine yenye RAM ndogo inachelewesha mtandao badala ya kuuharakisha.

Iringa. Kihesa ni eneo la wanachuo. Chuo Kikuu cha Iringa kipo huku, na kwenye hosteli au steshenari laini moja ya intaneti inaweza kugawanywa kwa watu kibao. Mmoja akishusha masasisho ya Windows, wengine wanaanza kulalamika kuwa mtandao umeganda.

Seva ya kashe inasaidia hapo. Faili likiombwa mara ya kwanza linatoka nje, seva inabaki na nakala. Mwingine akiliomba, anapewa nakala hiyo bila kula bando.

Kosa linaanzia dukani

Wengi wanawaza diski tu: kubwa zaidi, bora zaidi. Lakini Squid, programu ya bure inayotumika sana kwa kazi hii, inaweka kwenye RAM orodha ya kila faili lililo kwenye diski. Kwa mfumo wa biti 64, makadirio ya Squid ni MB 14 za RAM kwa kila GB 1 ya kashe.

Chukulia kompyuta ya RAM GB 4 imewekewa kashe ya GB 500. Zidisha 500 kwa 14, unapata MB 7,000, yaani GB 7. RAM haitoshi, hivyo kompyuta inaanza kutumia diski kama RAM, na kila kitu kinakuwa cha kusuasua.

Ubaya ni kwamba mwanzoni huoni shida, maana kashe bado ni tupu. Kadiri inavyojaa, ndivyo kasi inavyoshuka, na lawama zinaenda kwa kampuni ya intaneti.

Hesabu ya kufuata

Anza na laini yako. Laini ya Mbps 10 ikitumika yote kwa saa 8 inapitisha takribani GB 36 kwa siku, sawa na GB 180 kwa siku tano.

Sio zote zinahifadhika. Tovuti zenye alama ya kufuli (HTTPS), kama YouTube na Facebook, zinapita zikiwa zimefungwa na seva haiwezi kubaki na nakala. Tuseme theluthi moja ndiyo inahifadhika: hiyo ni GB 60. Kwa mitandao mingi ya leo itakuwa chini ya hapo.

GB 60 zinahitaji MB 840 za RAM kwa ajili ya orodha. Ongeza MB 512 za faili zinazoombwa mara kwa mara (cache_mem), jumla ni karibu GB 1.4. Mashine ile ile ya GB 4 sasa inatosha, na mfumo wenyewe unabaki na nafasi ya kupumua.

Kumbuka, cache_mem sio kikomo cha RAM yote ya Squid. Orodha ina hesabu yake.

Diski nayo usiijaze. Acha asilimia 20 wazi: kashe ya GB 60 inataka diski ya GB 75 au zaidi.

Baada ya wiki mbili, angalia kumbukumbu za Squid uone maombi mangapi yamejibiwa kutoka kwenye kashe. Kama ni machache, diski kubwa haitakusaidia. Hela hiyo ongezea kasi ya laini.