Jezi za Simba Zitoke Sandukuni

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, klabu yetu ya Simba, ambayo siku hizi huitwa UPDF FC, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uganda mwaka 1971 na tena mwaka 1978. Mwaka 1972 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, timu ya kwanza ya Uganda kufika huko. Tulifungwa na Hafia ya Guinea, 4-2 kwao na 3-2 kwetu. Siku ya kumbukumbu tunayokusudia kuwaandalia mashabiki haitayaficha mabao hayo saba.

Ukumbi na viti vitapatikana. Shida ni vitu vyenyewe. Vita vya 1979 viliwatawanya wachezaji na jamaa zao, na jezi, medali na picha zilizosalia zimo masandukuni mwa wazee na wajane. Hao wana sababu ya kusita. Sisi wenyewe tuliwahi kuazima picha ya mama mmoja kwa ajili ya maonyesho, nayo haikurudi. Aibu hiyo tunaikiri.

Kwa hiyo kila kitu kitaandikwa daftarini mbele ya mwenyewe, naye atapewa stakabadhi yenye sahihi. Picha zitanakiliwa papo hapo na kurudishwa siku ile ile. Jezi isifuliwe: tope lake ni ushahidi.

Wazee waliocheza wataketi mbele ya maofisa, wawataje waliomo pichani, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli, si kwa wino. Ndugu zetu wa polisi, mabingwa wa 2005, nao waanze kukusanya vyao mapema.

Mwenye kiatu kimoja tu, na akilete.