Mashua ni rahisi, njia ndiyo ghali

Mtu wa Lubumbashi akipanga safari ya mashua ya siku moja, huanza kwa kuuliza bei ya mashua. Mimi ningeliacha swali hilo mwisho. Mji wetu uko mbali na maji makubwa, na pesa nyingi huishia barabarani na mpakani kabla hujafika ufukweni. Piga hesabu kwa lita za esansi. Bei ya pampu utaijua siku ya kuondoka.

Tuanze na jirani. Kapolowe iko kama kilomita 90 kutoka hapa, kwenye lami ya Likasi. Ziwa Tshangalele lilitokea kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoziba mto Lufira pale Mwadingusha ili kupata umeme, kazi iliyokamilika mwaka 1930. Gari dogo linalokula lita 10 kwa kilomita 100 litamaliza lita 18 kwenda na kurudi. Weka na peaji. Mota ya farasi 15 ikikazwa hula lita 5 au 6 kwa saa, kwa hiyo saa mbili majini ni lita 12 hivi. Mnakula bukari na samaki wa hapo hapo, na usiku mnalala kwenu. Anayependa historia asogee hadi Likasi, Jadotville ya zamani, ambako wanajeshi wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa Septemba 1961. Mwenye watoto wadogo na mshahara wa kawaida achague hapa, bila kusita.

Anayetaka ziwa lisiloonekana ng'ambo aende Mweru. Kilwa, mji wetu wa ziwani, uko kama kilomita 350, na sehemu kubwa ya njia ni ya vumbi. Jeep inayokula lita 15 kwa kilomita 100 itamaliza lita 105 kwenda na kurudi. Linganisha na zile lita 12 za mota! Hapo kubishana na mwenye mashua kwa saa nzima hakukuokolei kitu. Kinachookoa ni kujaza viti vyote vya jeep na kugawana. Ongeza malazi ya siku mbili, maana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kujitesa.

Na hapa wengi hunaswa: Kisiwa cha Kilwa, kilicho mbele ya mji wenye jina hilo hilo, ni cha Zambia. Kushuka pale ni kuvuka mpaka. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mfukoni, na pitia kwa watu wa uhamiaji kabla ya kupanda. Wavuvi huvuka kwa kujuana. Mgeni wa mjini hajuani na mtu. Luanza, misheni aliyoianzisha mmishonari Dan Crawford mwaka 1894 baada ya kuondoka Bunkeya, ni mahali pa kupendeza kwa historia, lakini iko kaskazini, upande wa Pweto. Kwa mota ndogo kutoka Kilwa siku moja haitoshi, hata ukiambiwa inatosha.

Kabla ya kulipa, inama uangalie sakafu ya mashua. Maji yakiwa yamefika kwenye vifundo vya miguu wakati imefungwa tu, achana nayo. Vaa jaketi la kuokolea na ulifunge kamba zote. Lenye kamba zilizokatika usilihesabu. Ondoka alfajiri, na katika majira ya mvua usiende mbali na ukingo.

Pwani je? Kwa ajili ya matembezi tu, gharama haina maana. Lakini wafanyabiashara wetu huenda Dar es Salaam kufuata mizigo, na kwao nauli kubwa imekwisha kulipwa. Mwenye siku moja ya kungoja avuke kwa boti ya kasi hadi Unguja, kama saa mbili, atembee Mji Mkongwe, kisha akodi mashua ya kwenda Changuu kuona kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Mashua ile hukodiwa nzima, kwa hiyo tafuta wenzako gatini kwanza. Mwenye siku tatu ashuke kusini kilomita 300 hivi hadi Kilwa Masoko, avuke mlango mfupi wa bahari aone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vya Kilwa Kisiwani, mji alioufikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Kati ya safari hizo mbili za pwani, ningelipia ya Kilwa Kisiwani.